Mdogo Mtu, Kaka Mtu na Poka ya Visoda Katonga

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ilikuwa sehemu ya makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa. Katika mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, maana yake ilikuwa nyavu kukunjwa, boti kuvutwa mchangani, na vijana waliozoea kulala mchana na kukesha usiku wakabaki hawana la kufanya. Kwa kawaida mapumziko yao huja na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za kuvulia dagaa hazivuti kitu, watu hukaa nchi kavu siku kadhaa, karata zinatoka. Safari hii mapumziko yalikuwa ya miezi mitatu mfululizo.

Ndipo poka ilipoingia. Kijana mmoja aliyekuwa kibaruani Dar es Salaam alirudi nayo, akaifundisha kijiweni chini ya mwembe. Ni ile aina ya Texas Hold'em: kila mtu anagawiwa karata mbili za siri, kisha katikati zinafunguliwa tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua unaweka dau, unafuata la mwenzako, unaongeza, au unatupa karata zako. Anayebaki na karata tano bora anachukua kila kitu, na vilevile anayewafanya wengine wote watupe. Dau lilikuwa visoda, vilevile vya kuchezea drafti. Hilo nalisema mapema, kwa sababu kucheza kwa fedha nchini ni jambo la leseni chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Pale chini ya mwembe hakuna aliyetoa hata shilingi.

Ndani ya majuma machache kijiwe kilikuwa kimeshatoa hukumu juu ya ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mdogo ana miaka 20. Yeye alisemwa amezaliwa nacho: anakaa, anamtazama mtu usoni, anacheka, anasukuma visoda, anazoa. Kaka yake ana miaka 24. Yeye alisemwa ni mzito: anafikiri sana, anatupa karata kila wakati, na ana kaunta buku lake analoandika baada ya kila mgao, jambo lililowachekesha wengi.

Yangeishia kwenye utani kama mdogo asingemwendea baba yake. Alitaka sehemu yake ya fedha iliyotengwa kwa ajili ya nyavu mpya, aiweke kwenye poka ya fedha inayochezwa kwa simu. Hoja yake ilikuwa moja tu: hapa hakuna anayenifunga. Mzee akanijia. "Mwalimu, wewe unajua hesabu. Huyu mtoto ana kipaji kweli nimwachie, au watu wanamdanganya?"

Nilimwomba anipe muda nikakae nao, nitazame jinsi wanavyoamua, nisihesabu visoda vya nani vimejaa. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mgao wa kopa

Nitaeleza mgao mmoja kwa kirefu, maana ndio uliompa dogo jina, na ndio unaoonyesha tatizo lote.

Walikuwa wamebaki wawili, dogo na fundi wa injini za boti, mtu mzima aliyecheza albastini, ule mchezo wa karata wa turufu, miaka mingi. Dogo alikuwa ameshika tisa na nane za kopa. Katikati kulikuwa na kingi ya kopa, nne ya kopa na mbili ya shupaza, na karata ya nne ikaja jeki ya pau. Mpaka hapo dogo hana kitu, hata pea, yaani karata mbili za namba moja. Alichonacho ni kopa nne, mbili zake na mbili za mezani, na akipata ya tano anakuwa na karata tano za aina moja, ambazo hushinda pea yoyote. Imebaki karata moja tu kufunguliwa. Dau mezani ni visoda 60. Fundi akasukuma 60 vingine, akabakiwa na 100 mbele yake. Dogo alikuwa na vingi kuliko yeye.

Dogo hakuangalia tena karata zake. Alimwangalia fundi. Fundi alikuwa ameinua kikombe cha kahawa, akakirudisha chini bila kukigusisha mdomoni. Dogo akatabasamu, akahesabu visoda 60, akafuata.

Karata ya tano: sita ya kopa.

Watu walisimama. Mmoja alipiga ndoo kama ngoma. "Amezaliwa nacho huyu! Alijua inakuja!"

Sasa tukae na hesabu. Pakiti ina karata 52. Dogo anaziona sita: mbili zake na nne za mezani. Zimebaki 46 asizozijua. Kopa ziko 13 kwa jumla, nne ameshaziona, kwa hiyo zimebaki 9. Nafasi yake ni 9 katika 46, chini kidogo ya asilimia 20, yaani mara moja katika tano. Analipa visoda 60 ili apate 120: vile 60 vya mwanzo na 60 vya fundi. Mgao huohuo ukirudiwa mara 46, kila karata ikija mara moja, atashinda mara 9 na kupata 1,080. Atapoteza mara 37 na kutoa 2,220. Ana upungufu wa 1,140, ambao ni karibu visoda 25 kwa kila mara anayofuata.

Mtu anayejua mchezo atanijibu kwamba kopa ikija, dogo anaweza kumvuna fundi zaidi. Ni hoja nzuri, tuipime. Fundi ana 100 tu vilivyobaki. Tuseme kopa inapokuja fundi anavitoa vyote, kila mara, bila kukosa. Basi dogo anapata 220 kila anaposhinda: 9 mara 220 ni 1,980. Bado hazifiki 2,220. Hata fundi akiwa mjinga kupindukia, na fundi si mjinga, kule kufuata kulikuwa kwa hasara.

Kuna hoja ya pili, na hii ndiyo iliyonikamata zaidi. Mchezo ulipotulia nilimuuliza dogo kwa nini alifuata. Akajibu bila kusita: "Mwalimu, nilimwona hana kingi. Mwenye kingi angekunywa kahawa yake." Na kweli, fundi alipofunua alikuwa na pea ya kumi tu, kumi ya uru na kumi ya pau, huku mezani kumelala kingi na jeki. Dogo alikuwa amemsoma sawasawa.

Lakini kumsoma kulimsaidia nini? Tisa na nane hazishindi pea ya kumi. Kujua kwamba mwenzako ni dhaifu hakukupi chochote ukifuata tu, kwa sababu ukifuata lazima kopa ije. Kunakupa kitu ukisukuma. Angeongeza mpaka vile 100 vya fundi viingie hatarini, fundi angelazimika kuamua kama pea ya kumi inatosha kulipia mbele ya kingi. Mtu mzima yule, kwa nilivyomwona usiku ule, angetupa mara nyingi kuliko kufuata. Nimepiga hesabu hata kwa kumpunja dogo: fundi akitupa nusu ya mara tu na nusu nyingine akafuata, dogo anabaki na faida ya visoda 17 hivi kwa kila mara. Macho yaleyale na karata zilezile vingempa faida kama angepiga mkwara, yaani kusukuma dau kubwa bila kuwa na karata, na vikampa hasara kwa sababu alifuata. Tofauti ni hesabu ambayo macho hayaileti yenyewe.

Yote hayo yalifunikwa na sita ya kopa.

Usiku mchache hausemi kitu

Hapa ndipo kijiwe kilipokosea, na kosa hili ni la watu wengi wanaopima kipaji kwa ushindi. Katika drafti, anayejua akikaa na asiyejua, matokeo yanaonekana jioni hiyohiyo. Poka haiko hivyo. Asiyejua anaweza kuzoa mwezi mzima.

Mfano mkubwa ni wa Januari 2017, huko Pittsburgh, Marekani. Programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza na wachezaji wanne wa kulipwa. Ili mtu asiseme ni bahati, walicheza migao 120,000 kwa siku 20, na karata zilipangwa kwa namna kwamba alizopewa mtu kwenye meza moja, programu ilipewa zilezile kwenye meza nyingine. Programu ilishinda. Wale walikuwa watu wanaojua wanachokipima, na bado waliona migao yote hiyo inahitajika.

Kwa mikono ya Katonga, na mgawaji anayesimama kupokea simu, tunaweza kufika migao 30 kwa saa. Saa nne kila usiku ni migao 120. Kufikia 120,000 unahitaji usiku 1,000, karibu miaka mitatu bila kupumzika. Dogo alipewa taji baada ya majuma machache.

Ndiyo maana nilipomshauri kaka mtu kuhusu kaunta buku lake nilimwambia asiweke safu ya nani kashinda. Alichora kwa rula safu nne: karata nilizokuwa nazo, dau lilivyokuwa, nilichofanya, kwa nini. Usiku mmoja naye alishika kopa nne, akasukumiwa dau kubwa, akatupa. Karata iliyofuata ikawa kopa. Watu walimcheka mpaka machozi. Nilikuja kuusoma ukurasa ule baadaye. Kwenye safu ya mwisho aliandika: "Malipo hayakutosha." Hakuandika kwamba kopa ilikuja.

Dogo alisomea wapi

Nilipomwuliza mzee kuhusu utoto wa vijana wake, jibu lilianza kujitokeza lenyewe. Bibi yao alikuwa akiuza kahawa na kashata pale mwaloni. Dogo, tangu akiwa darasa la tatu hivi, ndiye aliyembebea birika. Mbalamwezi zote za utoto wake alizimaliza nyuma ya migongo ya wacheza albastini, akimimina kahawa na kuona karata za pande zote, za anayedanganya na za anayedanganywa. Aliona mtu mwenye turufu anavyokaa, na asiye nayo anavyokaa. Alipofika miaka 12 walikuwa wanamketisha acheze pengo likitokea.

Kaka yake miaka hiyo hakuwepo. Alikuwa sekondari ya bweni Tabora, anarudi kwa treni wakati wa likizo, na akirudi anakwenda kusaidia kwenye boti. Damu moja, nyumba moja, lakini jioni zao zilikuwa mbali kabisa.

Albastini haichezeki bila kukumbuka. Lazima ujue zipi zimetoka, turufu ngapi zimebaki, na mwenzako aliye mbele yako anakuomba nini kwa karata aliyoiangusha. Dogo alikuwa na sifa ya kukumbuka kila kitu, na watu walilitaja hilo kama ushahidi wa kuzaliwa nacho. Nikataka kulipima. Albastini moja ilipoisha nilimwomba anitajie karata zilivyoangushwa, kwa mpangilio na kwa mtu. Alizitaja karibu zote, pamoja na ile ambayo mwenyewe aliyeiangusha alikuwa ameisahau. Kisha nikazichanga, nikamwekea moja moja chini bila mchezo wowote, nikazifunika. Akataja za mwanzo, akataja za mwisho, za katikati zikampotea kama zinavyonipotea mimi. Akaguna. "Hizo hazina mchezo, Mwalimu. Zimekaa tu."

Jaribio la namna hii lilishafanywa kwa wacheza chesi. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walimwonyesha bingwa ubao wenye mchezo halisi kwa sekunde chache, akaweza kuzirudisha kete nyingi mahali pake, wakati anayeanza alikumbuka kete chache. Walipozitawanya kete ovyo, ubora wa bingwa ulitoweka karibu wote. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alikuwa ameona michezo mingi sana, hivyo ubao halisi kwake ulikuwa na sura anazozifahamu. Ndivyo nilivyomwona dogo. Kipaji walichokiona kijiweni kilikuwa shule ya zaidi ya miaka kumi isiyo na daftari, na kwa kuwa hakuna aliyemwona akisoma, ilionekana ameshuka nacho.

Hata huko poka inakochezwa kwa mamilioni, wanaosifiwa kwa kipaji cha kuzaliwa ukiwachunguza unakuta birika la kahawa mahali fulani. Stu Ungar wa Marekani, aliyetwaa taji kuu la World Series of Poker mwaka 1980, 1981 na 1997, anatajwa mpaka leo kuwa mwenye kipaji kuliko wote. Alikulia New York, mtoto wa mwenye baa iliyokuwa na kamari, na tangu utotoni alicheza gin rummy na watu wazima. Poka aliijia baadaye, akiwa tayari na miaka ya karata nyuma yake. Alifariki 1998 akiwa na miaka 45, na fedha zote zilikuwa zimekwisha. Hilo la mwisho nilimweleza mzee vilevile.

Kaka mtu na dakika za simu

Kaka alianza hana kitu. Nilimfundisha njia ya mkato inayotumiwa na wacheza poka kila mahali: hesabu karata zinazoweza kukuokoa, zidisha kwa mbili kama imebaki karata moja, kwa nne kama zimebaki mbili, unapata asilimia ya karibu. Kopa tisa mara mbili ni 18, hesabu kamili ni kama 20. Tisa mara nne ni 36, hesabu kamili ni 35. Kisha linganisha na unacholipa. Ilimchukua majuma kadhaa mpaka akaacha kuhesabu kwa vidole chini ya mkeka.

Alipokuwa mbovu ni kwenye watu. Hakuwa na mkwara hata kidogo. Akiongeza dau kila mtu anajua ana karata kali, wote wanatupa, anazoa vijisoda vichache. Mwenye karata nzuri asiyelipwa ni kama hana. Hesabu za mchezo zinasema kwamba karata zote zikishafunguliwa, ukisukuma dau linalolingana na lililopo mezani, takribani mara moja katika tatu iwe mkwara, vinginevyo wenzako hawana sababu ya kukulipa. Nilimweleza hivyo nikidhani litakuwa somo la nadharia tu. Yeye akaenda kulitengenezea njia: akifika kwenye nafasi ya mkwara anatazama saa ya simu. Dakika ikigawanyika kwa tatu, anasukuma. Isipogawanyika, anaacha. Bahati nzuri hakuna aliyegundua kwa nini anapenda kutazama saa.

Hii ilinifurahisha kupita kiasi. Ujasiri, ambao kila mtu pale aliuhesabu kuwa wa kuzaliwa, kijana aliupata kwenye saa. Haukukamilika, lazima niseme. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo akisukuma visoda vya uongo, na mtu pekee aliyeliona hilo ni mdogo wake, aliyemla vibaya mara kadhaa.

Wapo waliofika mbali kwa njia ya kaka. Maria Konnikova, mwanasaikolojia na mwandishi, alianza akiwa hajui hata pakiti ina karata ngapi. Alimwomba Erik Seidel, mchezaji mkongwe, amfundishe, na Januari 2018 huko Bahamas alishinda shindano lililompa dola 84,600. Naye hakuja mikono mitupu: alikuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia. Sijaona mtu anayekaa kwenye meza ya karata akiwa hajabeba kitu kutoka mahali pengine.

Nilipomfundisha dogo

Kama kisa kingeishia hapa ningemwambia mzee kwamba kipaji hakipo, ni mazoezi tu. Lakini nilimfundisha dogo hesabu zilezile nilizomfundisha kaka, na kilichochukua majuma kwa mmoja kilichukua jioni mbili kwa mwingine. Jioni ya tatu alikuwa ananiuliza swali ambalo kaka hakuwahi kuliuliza: je, kama mwenzangu naye anasubiri kopa, na zake ni kubwa? Yaani kopa tisa za kuniokoa si tisa tena. Swali hilo ni zito, na alilifikia peke yake.

Ni kipaji? Inawezekana ni wepesi aliozaliwa nao. Inawezekana pia ni kwamba alikuwa na maelfu ya karata kichwani tayari, na kila namba niliyompa ilipata mahali pa kukaa, wakati kwa kaka yake namba zilikuwa zinaning'inia hewani. Kwa kisa hiki kimoja siwezi kuvitenganisha viwili hivyo, na simwamini anayedai anaweza.

Kisha ukaja usiku wa ree mbili. Dogo aligawiwa pea ya ree, kitu kinachotokea mara moja katika migao 221. Kabla hata karata za katikati hazijafunguliwa, yeye na mwenzake walisukuma kila kitu. Mwenzake alikuwa na pea ya kingi. Hapo mwenye ree anashinda kama mara nne katika tano. Kingi ya tatu ikaanguka mezani.

Alikopeshwa visoda, akaendelea. Kuanzia hapo hakutupa karata hata mara moja. Alifuata kwa saba na mbili, alifuata kwa chochote, hakumtazama mtu usoni, na hesabu za jioni mbili zilikuwa zimeyeyuka. Alichemka, hakuna neno jingine. Ndani ya nusu saa vile vya kukopa navyo vikaisha, akaipiga teke ndoo, akaondoka.

Kaka yake yalimkuta yaleyale siku chache baadaye: karata kali, mwenzake akaokolewa na karata ya mwisho. Akasema "haya", akaandika mstari wake, akatupa migao minne iliyofuata kwa sababu karata zake zilikuwa mbovu kweli, akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Sikumfundisha hilo. Nilikwenda kumwuliza mama yao kama ni bweni lililomtuliza. Akakataa. "Huyu mkubwa toka anatambaa, ukimnyang'anya kitu anakutazama tu, anatafuta kingine. Mdogo ukimnyang'anya kimoja anavunja na vilivyobaki."

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyonipindua. Kijiwe kilitafuta kitu cha kuzaliwa nacho kwa yule anayeng'ara. Kwa ninavyoona mimi, macho ya dogo na kumbukumbu yake vilifinyangwa mwaloni, naweza kukuonyesha alivyovipata na kwa nani. Kitu pekee katika kisa hiki ambacho siwezi kukionyesha kilikotoka ni utulivu wa kaka, na poka inautaka kuliko vyote, kwa sababu ni mchezo unaokuadhibu mara nyingi kwa kufanya jambo sahihi. Hakuna aliyewahi kumwita kaka mwenye kipaji.

Jibu nililompa mzee

Nilimwambia: "Hapana, mzee wangu, fedha ya nyavu isiguswe." Sikumwambia dogo hana uwezo, maana ningesema uongo. Nilimweleza kwamba kwenye simu hakuna uso. Hakuna kikombe cha kahawa kinachorudishwa chini, hakuna mkono unaotetemeka. Nguvu yake kubwa, ile ya miaka kumi na zaidi, anaiacha mwaloni. Anachokwenda nacho ni hesabu aliyoianza juzi na hasira aliyonayo tangu utotoni. Huko atakutana na watu wanaofanya kazi hiyo mchana kutwa, na mwenye mchezo anakata sehemu yake kwenye dau analochukua mshindi, hivyo hata kuwa sawa na wenzako ni hasara. Na kwa kuwa hakuna mgawaji wa kusubiriwa, migao inakuja mbio: nusu saa ya kuchemka kwenye simu ni migao mingi kuliko nusu saa chini ya mwembe.

Mzee alisikiliza akasema, "Basi tununue nyavu." Dogo alininunia. Kwa muda fulani shikamoo yake ilikuwa ya mbali, ya kupita tu. Sikumlaumu. Alikuwa ameambiwa na kijiji kizima kwamba amezaliwa na kitu, halafu mimi nikaja na penseli.

Ziwa lilifunguliwa, wakarudi majini, poka ikarudi kuwa ya mbalamwezi. Kaka sasa anajiketisha kwenye albastini upande wa mdogo wake, kwa sababu nilimwambia kwamba kama dogo alijifunzia hapo kuwasoma watu, hapo ndipo naye aanzie. Wanafungwa sana. Dogo anamkaripia mbele za watu kwa kuangusha turufu mahali pasipohitaji turufu, na kaka anauliza kwa nini, na dogo, akishapoa, anamweleza. Sijawahi kumsikia akieleza hivyo kabla, na maelezo yake ni mazuri kuliko yangu.

Kwa dogo nimeomba jambo moja. Kila anapopoteza mgao mkubwa, atupe mitatu inayofuata bila kuangalia karata, halafu ndipo arudi mchezoni. Mara ya mwisho nilipokaa nao alifika wa pili, akachungulia wa tatu.